Keja Imepasuka Garbatulla na Fundi Anaapa Aliweka Simiti Poa? Cheki Vile Kompyuta Husoma Udongo Kabla Ujenge

Ukipita Garbatulla uone nyumba ya mawe iko na ufa umetoka kona ya dirisha ukashuka kama radi hadi kwa msingi, usikimbilie kulaumu fundi. Inawezekana kabisa simiti ilikuwa sawa, nondo zilikuwa sawa na mawe yalipangwa fiti. Kitu imesonga ni ardhi yenyewe. Na hapo ndio pesa huenda: kuna wasee wako Isiolo mjini, Eastleigh, wengine hadi Doha na Dubai, wanajinyima kila mwezi ndio mathe ajengewe keja ya kudumu nyumbani. Keja inaisha, watu wanakula pilau, misimu miwili ya mvua inapita, na mlango wa sebuleni unaanza kukataa kufunga.

Story ya leo ni vile mainjinia wanaweza kuona hio ufa ndani ya kompyuta kabla jiwe la kwanza litue. Na kuna sehemu ya pili ambayo watu hawabongangi sana: ukishaweka nguzo ndani ya ardhi, kuitoa ni kazi ingine, na shimo linalobaki linaweza kukuchomea jirani.

Tuanze na udongo, juu bila huo hakuna story.

Garbatulla iko mashariki ya Isiolo mjini, njia ya kwenda Modogashe. Kabla ufike unapita Kulamawe, na jina limekuambia kila kitu. Hayo mawe meusi ni ya volkano ya upande wa milima ya Nyambene. Mawe ya aina hio yakioza kwa maelfu ya miaka kwenye tambarare ambapo maji hayatoki haraka, yanazaa udongo mweusi wa kunata, ule mafundi wa mjengo Kenya nzima huita black cotton. Si kila mahali. Kuna sehemu ni mwamba, kuna sehemu ni udongo mwekundu, na kwa laga ni mchanga mtupu. Ndio maana ploti mbili zimepakana zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, na ukimwambia fundi "jengea tu vile ulijengea jirani" umecheza kamari.

Ndani ya black cotton kuna madini inaitwa montimoriloniti. Ichukulie kama pakiti ya karata. Kila chembe ni karata nyingi nyembamba zimelaliana, na katikati ya karata maji yanapenda kuingia. Yakiingia, karata zinasukumana na udongo unafura. Jua likiwaka, maji yanatoka, karata zinarudiana, udongo unanywea na kupasuka mipasuko ya kuingiza mkono mzima. Mtu yeyote amechunga huko anaijua hio mipasuko. Mbuzi mdogo anaweza kuvunjika mguu hapo.

Sasa angalia hali ya hewa ya juzi. Mvua iligoma misimu mitano mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Kila mtu anakumbuka mizoga ya ng'ombe kando ya barabara. Kwa udongo mweusi, ukame mrefu hivyo unamaanisha kukauka kwenda chini sana, kupita kile kina cha kawaida. Halafu mwisho wa 2023 El Niño ikaja na hasira, na mvua za Machi hadi Mei 2024 zikaongeza. Maji hayakunyonywa polepole kutoka juu. Yaliingia moja kwa moja kwa ile mipasuko hadi chini. Ukitaka kuchora mazingira mabaya zaidi kwa msingi mfupi, ungechora hio miaka minne.

Hesabu yake si ngumu. Udongo wa aina hii ukizuiwa kufura unaweza kusukuma juu kwa nguvu ya kupita kilopaskali 100, yaani kama tani 10 kwa kila mita moja ya mraba. Nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa mara nyingi inakandamiza ardhi kwa nusu ya hio ama chini. Kwa hivyo ardhi inashinda. Inainua nyumba kama mtu anainua sufuria.

Lakini shida kubwa si kuinuliwa. Kama keja yote ingeinuka sawa na kushuka sawa, haungejua. Shida ni kwamba katikati ya nyumba, chini ya sakafu, udongo umefunikwa: haunyeshewi na haukauki. Ukingoni, chini ya kuta za nje, udongo unanyeshewa na kuchomwa na jua. Kwa hivyo katikati imetulia na kingo zinapanda na kushuka kila msimu. Ukuta wa mawe haujui kupinda. Unapasuka, na unapasukia mahali ni dhaifu, kona za madirisha na milango. Ongeza tangi la maji linavuja upande mmoja, bafu ya nje inamwaga maji karibu na ukuta, na mti wa mathenge umeachwa umee mita mbili kutoka kwa msingi ukivuta unyevu upande ule mwingine. Upande mmoja unafura, mwingine unanywea. Hio ni vita, na nyumba iko katikati.

Dawa ziko, lakini ziko na bei

Ya kwanza ni kuchimba udongo mweusi wote uutoe, ujaze murram na ushindilie. Hio inafanya kazi kama udongo mweusi ni mita moja hivi. Ukiwa mita tatu, utalipa malori hadi usote. Muongozo wa usanifu wa barabara wa Kenya wa 1987 ulishaweka udongo dhaifu wa aina hii kwa daraja la chini kabisa na kusema lami isiwekwe juu yake moja kwa moja. Lazima uutoe ama uuboreshe.

Ya pili ni chokaa. Unachanganya chokaa na udongo mweusi, kawaida kiasi kidogo tu, asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu. Kemikali ya chokaa inakaa kati ya zile karata na kuzikataza kunyonya maji, udongo unaacha kunata siku hio hio, na baada ya wiki kadhaa unaanza kushikana kama simiti hafifu. Wajenzi wa barabara wanaipenda.

Ya tatu ni kuruka udongo mbaya kabisa: unashusha nguzo za zege hadi mahali ardhi haichezi, na nyumba inakaa juu ya nguzo. Hizi nguzo mainjinia huziita paili. Wahindi, ambao wana udongo huu huu kwa eneo kubwa la Deccan, walitengeneza paili fupi zenye kitako kipana kama kengele, na taasisi ya utafiti wa majengo ya Roorkee ikazieneza. Kina cha kawaida ni kama mita 3.5. Kitako ni cha maana juu udongo ukifura unashika nguzo pembeni na kuivuta juu. Nguzo nyembamba isiyo na kitako inaweza kung'olewa na udongo bila mashine yoyote, polepole, msimu baada ya msimu.

Ya nne ndio ya mashine kubwa: unateremsha mhimili wenye visu unaozunguka, unamwaga simiti ama chokaa ya maji huku ukikoroga udongo pale pale chini, na ukitoka unaacha nguzo ya udongo uliogeuka jiwe. Japani na Sweden walianza hii miaka ya 1970. Huku kwetu utaisikia zaidi kwa miradi ya bandari na madaraja kuliko kwa keja ya mtu.

Ugali chini ya ardhi

Sasa fikiria hio ya nne. Wewe uko juu, kisu kiko mita kumi chini, huoni kitu. Utajuaje kama simiti imechanganyika ama imekaa madonge?

Mtu amesonga ugali anajua jibu. Ukiwa na unga mzito na mwiko mmoja, kuna wakati ugali wote unajikunja kwa mwiko na kuzunguka nao. Mkono unafanya kazi, jasho linatoka, lakini hakuna kinachochanganyika. Donge moja linazunguka tu ndani ya sufuria. Udongo wa mfinyanzi unafanya hivyo hivyo kwa visu vya mashine. Unanata kati ya visu na kuzunguka pamoja navyo. Mashine inaonyesha imezunguka mara zote zilizopangwa, ripoti inasema kazi imeisha, na huko chini kuna madonge ya udongo mbichi. Dawa waliyopata ni kuweka kisu kingine ambacho hakizunguki, kinachokata lile donge, kama vile unavyoshikilia sufuria isifuate mwiko.

Kujaribu kila muundo wa kisu kwa ardhi ya kweli ni ghali: ukoroge, usubiri igande, uchimbue uangalie. Ndio kompyuta inaingia.

Njia ya zamani ya kuigiza ardhi kwa kompyuta ni kuikata vipande vidogo kama wavu. Jina lake la Kiingereza lilianza kutumika 1960, na programu maarufu ya udongo, PLAXIS, ilianzia chuo cha Delft, Uholanzi, 1987. Kila kipande kinapewa tabia: ugumu, uzito, unyevu. Kisha kompyuta inapiga hesabu ya vile kila kipande kinasukuma jirani yake. Kwa swali kama "nyumba hii itashuka milimita ngapi" ama "ukingo utafura kiasi gani", hio njia ni moto. Ukiipa tabia ya udongo mweusi na miaka minne ya ukame na mafuriko, itakuchorea ukuta utapasukia wapi.

Lakini wavu hauwezi kukorogwa. Vipande vikivutwa na kupinduliwa sana hesabu inavunjika. Kwa mambo ya kukoroga na kumwagika, watu walitoka kwa wavu wakaenda kwa chembe. Unaigiza udongo kama maelfu ama mamilioni ya vipunje, kila kimoja kiko huru kwenda popote, na kila sehemu ndogo ya sekunde kompyuta inauliza kila kipunje: nani amekukaribia, anakusukuma vipi, unaenda wapi? Cundall na Strack walichapisha moja ya hizi njia 1979, ya punje ngumu kama mchanga na kokoto. Ingine, SPH, ilitoka 1977, na usicheke, ilitengenezwa kuigiza nyota angani. 1996 Wajapani wawili, Koshizuka na Oka, wakaleta ingine kwa vitu vya majimaji, inaitwa MPS. Kama umewahi kucheza gemu ukaona maji ama matope yanaruka kama ya ukweli, umeona binamu wa hizi hesabu. Tofauti ni kwamba gemu inataka ikae poa tu, injinia anataka namba iwe sawa.

Shinya Inazumi wa Shibaura Institute of Technology huko Tokyo ni mmoja wa wale wametumia MPS kwa mambo ya ardhi: kukoroga udongo na simiti, na pia kung'oa paili. Kwa skrini unapaka chembe za udongo rangi moja na za simiti rangi ingine, unazungusha kisu, na unaona madonge yamebaki wapi. Ukibadilisha pembe ya kisu, ama kasi, unarudia. Hakuna lori, hakuna dizeli.

Kuitoa ni mambo mengine

Mtu amewahi kung'oa kigingi cha boma wakati udongo mweusi umelowa anajua ile sauti. Unavuta, inakataa, halafu inatoka na mlio kama wa chupa. Kilichokuwa kinakataa ni vitu viwili: udongo umeshika mti pembeni, na chini ya ncha hakuna hewa, kwa hivyo kunanyonya. Hata ngamia akizama kwa matope ni hio hio: ukimvuta moja kwa moja juu utamuumiza, kwanza lazima upitishe hewa ama maji kando ya mguu.

Kwa paili ya mita ishirini ni hivyo hivyo, ila kwa tani nyingi. Wanashusha bomba pana linalozunguka nje ya paili likikata ule mshiko, wakisaidiwa na maji, kisha krini inavuta. Ukivuta haraka, chini ya ncha panafyonza, na udongo wa kando unavutwa kujaza pengo. Jirani anashuka. Ukivuta polepole huku ukijaza shimo kutoka chini kwa mchanganyiko wa simiti na udongo laini, pengo halipati nafasi. Ukisubiri paili itoke yote ndio umwage kutoka juu, ule mchanganyiko unakutana na matope na maji yamejaa shimoni, na chini kabisa kunabaki uji usioganda. Miaka kadhaa baadaye mtu anachimba paili mpya karibu hapo, na mashine inateleza upande wa lile shimo la zamani kama gari linavyovutwa na mtaro. Yote haya hayaonekani kutoka juu. Kwa simulesheni ya chembe unayaona, pamoja na kasi gani ya kuvuta inaanza kuharibu.

Kwa nini Japani wanahangaika hivyo? Ardhi yao ni kidogo, ghorofa za zamani zinabomolewa, na mpya zinajengwa pale pale. Kwa Afrika Mashariki suala linakuja kwa njia ingine: kazi za muda. Daraja refu kama la Kigongo hadi Busisi huko Mwanza, lililofunguliwa Juni 2025 na lina urefu wa kama kilomita 3, linahitaji daraja la muda la kufanyia kazi, na madaraja ya hivyo kawaida hukaa juu ya mabomba ya chuma yanayopigwa chini kisha yanatolewa kazi ikiisha. Na upande wetu, ile barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Modogashe na Wajir, karibu kilomita 740, inavuka laga baada ya laga. Kila mahali laga inapewa daraja badala ya ile sakafu ya zege ya kuvukia maji yakipungua, swali la nguzo linakuja. Na laga ni mwalimu mkali: mafuriko ya siku moja yanaweza kula mchanga kando ya nguzo na kuacha shimo. Bomba la muda lililong'olewa vibaya karibu na nguzo ya kudumu limeshaanzisha hilo shimo kabla maji yafike.

Kwa maoni yangu, huko ndio simulesheni ya gharama inafaa kwenda kwanza: madaraja ya laga, hospitali, mabweni ya shule. Kwa keja ya vyumba vitatu hauhitaji MPS. Mtu akikuuzia simulesheni ya chembe kwa nyumba ya mathe, huyo anataka doh yako. Unachohitaji ni mtu achimbe shimo la majaribio la mita mbili ama tatu kabla ujenge, na mpango wa kupeleka maji mbali na kuta.

Juu hii kitu iko na udhaifu mmoja mkubwa: kompyuta haijui Garbatulla. Inajua namba umeipa. Ukiipa namba za udongo wa Nairobi ama za kitabu, itakupa picha maridadi ya mahali pengine. Namba za kweli zinatoka kwa sampuli: unyevu, kiasi cha kufura, nguvu ya kufura, mpaka kati ya udongo kuwa mgumu na kuwa kama uji. Hio ya mwisho bado inapimwa kwa mtindo wa Atterberg, Mswidi aliyeufikiria zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Na hata wazee wa Borana wanaochimba visima virefu vya tula upande wa Ethiopia hawakuwahi kuamini ukuta wa kisima kwa kuuangalia tu. Unaligusa tabaka, unalijua, ndio unashuka.

Kama uko chuo unasomea ujenzi ama kompyuta na unataka kuingia hapa, milango iko wazi. DualSPHysics ni ya bure na inakimbia kwa kadi ya gemu. YADE pia ni ya bure, ya punje ngumu, inataka Linux. Mashine yako ya kucheza FIFA inaweza kukoroga udongo usiku ukilala. Jambo la kwanza la kujaribu usianze na daraja: anza na ugali, sufuria na mwiko mmoja, uone donge linazunguka.

Na kama wewe ni yule anatuma pesa nyumbani, kuna kipimo mtu anaweza kufanya jikoni kabla ya yote. Chukua udongo kutoka kina cha mita moja hivi, si wa juu. Uanike ukauke kabisa, uutwange, uuchekeche kwa chujio laini. Pima mililita 10 za huo unga bila kuushindilia, umwage polepole ndani ya chupa nyembamba yenye alama na maji ya mililita 100, uache saa 24. Soma udongo umefika wapi. Ukibaki chini ya 15, mara nyingi hakuna shida. Ukifika 20 ama kupita, nyumba nyepesi iko hatarini, na hapo ndio unapeleka sampuli kwa maabara ya udongo, kabla lori la mawe halijaitwa. Rudia kwa pembe zote nne za ploti, juu pembe moja inaweza kuwa murram na ingine iwe mweusi tii.